Likizo ya Mukuyuni na Maji ya Dada

Siku niliyotangaza kwamba naenda likizo, chumba kizima kilicheka. Kucheka ukiwa umeunganishwa na mashine ya kusafisha damu si jambo jepesi, kwa sababu mkono wenye sindano hautakiwi kutikisika. Sista aliyekuwa zamu alitoka mbio mezani kwake akidhani kuna mtu amezidiwa. Alipoambiwa sababu, akacheka naye.

"Likizo ya wapi?" akaniuliza.

"Makueni."

Hapo wakaanza upya. Mtu wa Kitui akitaja likizo, watu hutarajia aseme Mombasa, au angalau Nairobi kwa mtoto wake mwenye televisheni kubwa. Makueni ni jirani. Ni kama kuwaaga watu wa nyumbani kwamba unaenda mapumzikoni, halafu wakuone umekaa kwenye ua wa nyumba ya pili.

"Sasa mama, hiyo ni likizo ama ni kuenda kukopa chumvi?" akauliza kijana mmoja wa mashine ya katikati.

Nilimgeukia Mzee wa Mwingi, ambaye kiti chake kiko dirishani, nikitumaini kwamba mtu wa umri wake atanitetea. Mzee huyu ni mfanyabiashara wa vitambaa. Babu yake alitoka pwani akaja kuuza kanga, akasahau kurudi, na Kiswahili cha familia hiyo kinatufanya sisi wengine tuongee tukijiangalia.

"Bibi," akasema polepole, "Makueni kuna nini ambacho Kitui hakipo?"

"Kuna dada yangu."

"Na maembe. Na machungwa. Na maparachichi. Umetafuta mahali ambapo kila kinachoota kimekatazwa na daktari wako, ndipo ukaona pa kupumzikia ni hapo. Ungekwenda jangwani ungepata nafuu."

Kwa asiyejua ugonjwa wetu, nieleze. Figo zangu ziliacha kazi bila hata kunipa notisi. Mimi ni fundi wa nguo hapo soko la Kabati, nashona sare za shule, na nilifikiri kuvimba miguu ni kwa sababu ya kukaa kwenye cherehani. Sasa kila Jumanne na Ijumaa natoka Kabati asubuhi naenda mjini Kitui, nakaa kwenye kiti, na mashine inafanya kwa kelele kazi ambayo figo zilikuwa zikiifanya kimya na bure. Kati ya siku hizo mbili, kila ninachokunywa kinabaki mwilini kikinisubiri. Kwa hiyo nimepimiwa maji. Nimekatazwa matunda mengi pia, kwa sababu yana kitu kinachousumbua moyo wa mtu asiye na figo.

Nilipoambiwa mambo hayo mara ya kwanza nilidhani daktari ananitania. Mimi ni Mkamba. Nimekulia mahali ambapo watu hufunga na kusali kanisani ili maji yaje, na wingu likipita bila kunyesha linasemwa vibaya kama mkwe mbaya. Halafu mtu ananiambia kwamba shida yangu mimi ni maji kuwa mengi.

Nafuu yetu ni saa ya kwanza ya mashine. Kwenye chumba chetu sista huturuhusu tule au tunywe kidogo kile tulichokatazwa, kwa kuwa mashine ipo hapo hapo na itakitoa kabla hatujasimama. Saa hiyo tunaiita sikukuu. Mimi huja na chai yangu nzito ndani ya chupa. Mzee wa Mwingi huja na vipande vya embe ndani ya bakuli lenye kifuniko, na huvila kimoja kimoja akiwa amefumba macho, na hakuna anayethubutu kumsemesha.

Lakini naogopa nimeanza kudanganya tayari. Watu wote niliwaambia naenda likizo. Ukweli ni kwamba nilikuwa na jambo na dada yangu.

Dada yangu ni mkubwa kwangu, na kati ya watoto wa mama yetu tumebaki sisi wawili. Ameolewa ng'ambo ya soko la Mukuyuni, huko Makueni, mahali penye vilima na miembe mingi kuliko watu. Tangu nianze kwenda kwenye mashine, hakuwahi kuja kuniona nikiwa pale hata siku moja. Alituma kuku. Alituma machungwa kwa gunia, nikawagawia masista. Alituma maombi ya kanisa lake zima, na najua yalifika. Yeye mwenyewe hakuja. Mara mbuzi anazaa, mara kuna wageni wa mchungaji, mara goti.

Sababu yake naijua. Mama yetu alikufa akiwa amevimba miguu na uso, nyumbani, wakati ambapo kwetu hakukuwa na mashine wala aliyejua kuitaja. Dada ndiye aliyemuuguza. Mimi nilikuwa nimeshaolewa Kitui. Aliponisikia kwenye simu nikisema miguu imevimba, aliniuliza kama nimelipa mtu wa kunilimia. Dada yangu aliogopa. Na mimi nilikuwa nimemkasirikia kwa kuogopa kwake, maana hata mimi nilikuwa naogopa, na nilikuwa naogopa peke yangu.

Nikaamua kwamba kama haji kwenye mashine, nitaisogeza mashine kwake. Nilitaka aketi kando yangu mara moja tu, aone kwamba nikiwa pale sifi, nachoka tu. Na nilijiapiza kwamba safari hii ikishindikana sitamwita tena.

Mipango yenyewe aliifanya sista wa Kitui. Alipiga simu hospitali moja ya upande wa dada, akauliza kama wana nafasi ya mgeni siku ya Ijumaa. Nilipimwa damu ili nisiwapelekee watu ugonjwa mwingine. Nikapewa bahasha ya kuwaonyesha nikifika.

"Nafasi iko," sista akaniambia. "Lakini wamesema shida yao ni maji. Hii mashine inakunywa kushinda ng'ombe ya boma mzima. Pampu ikikataa, hakuna mtu anaoshwa. Ikikuwa hivyo, wewe rudi haraka tukutafutie nafasi hapa."

Nilipomaliza kuongea na sista nikampigia dada. Mimi na yeye tunaongea Kikamba, kwa hiyo maneno yake nitakayoyaandika hapa nimeyavalisha nguo nyingine. Nilimweleza kila kitu, na mwisho nikamweleza habari ya maji kama nilivyoelezwa.

"Maji?" akasema.

"Maji."

"Hakuna kingine kinachoweza kuzuia? Ni maji tu?"

"Ni maji tu."

Halafu akauliza kama bado nakula kuku, nikajua ya maji yameisha. Hayakuwa yameisha.

Ili mambo yaliyofuata yaeleweke, inabidi nimweleze dada yangu na maji. Tulipokuwa wadogo tulichota kwenye mto wa mchanga. Kiangazi mto hauonekani. Unachimba mchanga kwa mikono hadi shimo linakufika kiunoni, kisha unakaa na kibuyu kidogo ukingoja maji yajikusanye chini. Unateka kidogo, unangoja, unateka. Maji hayo yakifika nyumbani, mama alimkabidhi dada. Hakunikabidhi mimi wala kaka zetu. Alimpa dada kwa sababu dada hakuwa na huruma. Alikuwa na kikopo chake, anapima, anakupa, na ukimaliza unamwangalia, anasema, "Imetosha." Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama mtu anayefunga mlango wa duka saa zake zikifika. Mimi nilikuwa kitinda mimba na koo langu lilikuwa kavu kuliko la wote, na kwa miaka mingi nilidhani serikali ndiyo iliyomwajiri.

Nilisafiri Jumatano, siku moja baada ya kuoshwa, nikiwa mwepesi. Nilibeba kiondo chenye ndengu na asali ya Kitui, kwa sababu huwezi kwenda kwa mtu wa Makueni mikono mitupu. Watakuonea huruma kwa sauti. Kwenye kituo cha Kwa Vonza tuliposimama, kulikuwa na mama amepasua tikitimaji akalipanga mezani vipande vyekundu vinavyotiririka. Niligeuza uso pembeni kama mtu aliyeokoka akipita baa. Mama huyo akaniita mteja wake, mara mbili, kwa upendo kabisa. Namuombea asamehewe.

Kwetu mgeni akiingia, kabla hajaulizwa habari za nyumbani, anapewa kitu cha kunywa. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita hivyo. Nilipanga kupokea kikombe, kukishika, kukisifu na kukisahau mezani. Dada alinikumbatia uani, akanishika mabega akaniangalia uso kwa muda, akanipapasa vifundo vya miguu bila aibu kama anayenunua mbuzi. Kisha akaingia ndani, akatoka na kifuniko cha chupa ya chai ya mtoto. Ndani yake mlikuwa na maji yasiyoweza kulowesha hata ulimi wa kuku.

"Nimeulizia kwa watu," akasema. "Nimejua kiasi chako."

"Daktari ananiruhusu zaidi ya hiki."

"Daktari hakujui. Mimi nakujua."

Nikaelewa kwamba dada amerudi kazini.

Siku hiyo na iliyofuata sikuweza kusogea bila ulinzi. Akina mama wa kanisa lake walikuja kuniona, wakiwa na soda na maembe kwenye beseni, na dada akasimama mlangoni akawaambia, "Mgeni wangu hanywi na hali matunda." Mama mmoja mzee alikasirika kidogo, akasema tangu azaliwe hajaona nyumba ambayo mgeni ananyimwa mchana kweupe. Walipotulia wakaniombea. Yule aliyeongoza sala alikuwa na pumzi, akamwomba Mungu anijaze, anifurikie, anitiririshie mito ya maji hadi ipite kingo. Mimi nilikuwa nachungulia. Dada naye alifungua jicho moja akamtazama yule mama vibaya sana.

Na maembe. Ulikuwa mwisho wa msimu na miembe ya dada ilikuwa bado inadondosha. Alikuwa amepiga marufuku embe kuliwa mbele yangu. Amri hiyo ilifuatwa kwa namna yake: wajukuu wote walihamia nyuma ya zizi la mbuzi, na kutoka huko harufu ilinijia barazani kama barua. Walikuwa wakirudi na videvu vya manjano, wakiniamkia kwa heshima. Alhamisi mchana nilimwona dada mwenyewe akitokea huko nyuma, anajifuta mdomo kwa ncha ya leso.

"Ulikuwa wapi?" nikamuuliza.

"Mbuzi anakohoa," akasema.

Sikuwa nimefurahi hivyo kwa muda mrefu. Tuliketi barazani tukichambua ndengu nilizoleta, na kwa sababu yeye ni wa Makueni sasa, alizikosoa moja moja. Tulimsengenya kila mtu tuliyesoma naye. Nilisahau kwa saa nzima kwamba nina ugonjwa. Nikawa mgeni tu, mwenye kiti chake na mto wa kuegemea.

Halafu simu ikalia. Alikuwa muuguzi wa ile hospitali, kijana kwa sauti yake.

"Mum, pole sana. Pampu imeharibika tangu asubuhi, na tangi iko karibu kuisha. Fundi amekuja lakini siwezi kukuahidi. Nitakupigia kesho mapema. Ama kama unaweza kurudi Kitui, afadhali urudi."

Nilimshukuru. Nilipoweka simu, dada alikuwa ameshaacha kuchambua.

"Maji?"

"Maji. Itabidi niondoke kesho asubuhi."

Hakusema pole. Aliinuka, akajifunga leso vizuri kiunoni, akaniambia, "Kaa hapo," akashuka njia ya kwenda kwa majirani. Mimi sikukaa. Nilienda chumbani nikaanza kukunja nguo zangu chache, na nikikunja nililia kidogo. Sikulilia mashine, maana Kitui wangenitafutia nafasi Jumamosi. Nilimlilia dada. Nilikuwa nimemfikia karibu kabisa, bado siku moja tu aketi kando yangu, na sasa ningerudi nyumbani na yeye akabaki hapa na ile picha ya mama kichwani, akinitumia machungwa.

Asubuhi simu yangu ilikuwa imezima. Umeme wa sola wa dada ulitosha taa na redio ya kwaya, simu ya mgeni haikuwa kwenye hesabu. Nilitoka nje nikiwa nimebeba kiondo, tayari kuaga.

Uani kulikuwa na pikapu ya jirani, ile inayobeba maembe kwenda soko la Mukuyuni. Ilikuwa imejaa mitungi. Ya manjano, ya buluu, mingine ya mafuta ya kupikia iliyooshwa hadi ikachakaa, mingine imezibwa kwa magunzi ya mahindi kwa sababu vifuniko vilipotea zamani. Akina mama wa kanisa walikuwa wamesimama kando na leso zao zimelowa mbele. Yule mama mzee aliyekasirika juzi alikuwa amekalia mtungi wake kana kwamba utaibwa.

Nilikwenda kwenye tangi la dada nikaligonga kwa kiganja. Lilitoa sauti ya kitu kitupu. Maji yale yalikuwa ya mvua ya mwisho wa mwaka, na yalipaswa kumfikisha hadi mvua nyingine. Yeye, ambaye hajawahi kumpa mtu kikopo cha pili.

"Umefanya nini?" nikamuuliza.

"Si ulisema shida ni maji?"

"Dada, hii mashine hainywi kutoka kwenye mtungi. Maji yake yanachujwa kwanza, kuna chumba kizima cha kuchuja."

"Haya ni maji ya mvua," akasema, na alianza kuchukizwa. "Yametoka kwa Mungu yakapitia kwenye bati. Hiyo mashine inataka yawe safi kuliko hapo kwa nini, inaenda kuolewa?"

Akapanda mbele, akanisogezea nafasi. Mimi ni mbishi, lakini kuna watu ambao huwezi kubishana nao wakishapanda gari.

Kwenye lango la hospitali askari alitusimamisha akazunguka pikapu.

"Mama, hapa si soko. Mnauza nini?"

"Siuzi," dada akamwambia kwa Kiswahili chake cha kanisani. "Nimeleta maji ya mgonjwa."

Alilisema kama vile mtu mwingine angesema ameleta uji wa mgonjwa ndani ya chupa. Nilitamani ardhi ifunguke nishuke nayo hadi Kitui. Kwenye benchi za nje kulikuwa na wagonjwa wenzangu wa siku ile na watu wao, na wote walikuwa wametugeukia. Ndipo yule muuguzi akatoka. Alikuwa kijana kweli, mrefu, na uso wa mtu ambaye hakulala vya kutosha.

"Wewe ndio mum wa Kitui? Nimekupigia mara mingi simu imezimwa. Pampu ilitengenezwa jana jioni. Tangi imejaa." Kisha akaona mitungi. Akaiangalia, akamwangalia dada, akaiangalia tena. "Na hii maji ni ya?"

"Ya kumwosha," dada akasema.

Watu wa benchi walianza kucheka, kile kicheko cha chini cha watu wanaojaribu kuwa na adabu. Muuguzi hakucheka. Alimweleza dada polepole, kwa Kikamba, jinsi maji yanavyoingia kwenye chumba cha kuchujia, na kwamba jana maji haya yangemwagwa kwenye tangi la nje na yangesaidia, lakini leo hayahitajiki. Dada alisikiliza hadi mwisho. Nilimwona uso unavyomshuka.

"Basi mrudi nayo nyumbani, mama," muuguzi akasema.

"Sirudi nayo."

Hilo nililielewa. Kwetu mtu hampelekei mgonjwa kitu kisha akakirudisha nyumbani. Ni kama kumwambia kwamba hatapona. Ikabidi mitungi ishushwe. Akina mama waliokuja kuuguza watu wodini walileta beseni zao, wakapata maji ya kufulia. Askari wa lango, yule aliyesema hapa si soko, alipewa mtungi akaushukuru mara mbili. Waliokuwa wakicheka kwenye benchi walinawa nyuso. Dada alisimamia ugawaji wote huo, na hakuna aliyepewa kabla ya zamu yake.

Nilipoitwa niingie, nilimtazama.

"Twende," nikasema.

"Wewe tangulia. Nani atalinda mitungi?"

Mitungi yenyewe ilikuwa karibu kuisha. Niliangalia mikono yake, ilikuwa imeshika ncha ya leso ikiizungusha. Ningeweza kumvuta. Ningeweza pia kusema jambo la kumuumiza, nilikuwa nalo tayari mdomoni kwa miaka. Nikasema tu, "Sawa," nikaingia peke yangu.

Chumba chao hakikuwa tofauti na chetu. Viti vile vile, harufu ile ile ya dawa, hata mzee wa dirishani walikuwa naye. Muuguzi alinichoma sindano zake vizuri, mashine ikaanza kuvuma, na damu yangu ikatoka ikaanza kuzunguka kwenye mipira kama kawaida yake. Nilifunga macho. Nilikuwa nimefika mbali sana kuja kukaa kwenye kiti kile kile.

"Mum," muuguzi akasema baada ya muda, "Kitui mnaruhusiwa kunywa kitu saa hii?"

"Tunaruhusiwa."

"Hata hapa. Nikuitishie chai ya kantini?"

Nilimwangalia. "Hapana. Nataka maji. Nataka yale ya dada yangu, kama yamebaki. Na tafadhali, alete yeye."

Kijana yule alienda mlangoni, akatoa kichwa nje, akaita kwa sauti ya kuita mgonjwa, "Nani ako na maji ya mgonjwa?"

Kisha nikasikia mtungi ukiburutwa, na maji yakimiminwa.

Aliingia akiwa ameshika kikombe cha bati kwa mikono miwili. Kilikuwa kimejaa hadi ukingoni, ikawa lazima atembee polepole akikitazama kikombe tu, na hivyo ndivyo alivyopita mashine zote na watu wote na mipira yote bila kuinua macho. Alifika kwangu. Muuguzi akamsogezea kistuli, akaketi, na hakumwaga hata tone. Ndipo akatazama.

Alitazama mkono wangu. Akafuata mpira kwa macho, polepole, hadi kwenye mashine, akaona damu inavyoingia upande mmoja.

"Inaenda wapi?" akauliza.

"Inaingia hapo, inasafishwa, inarudi."

"Inarudi yote?"

"Yote."

Hakuniamini. Alitafuta mpira wa pili, akaupata, akaufuata kutoka kwenye mashine hadi kwenye mkono wangu, akasubiri. Alivyosubiri ni kama alivyokuwa akisubiri kwenye shimo la mchanga, ameinama, hana haraka. Mwisho akapumua.

"Mama hakuwa na hii," akasema.

"Hakuwa nayo."

"Inauma?"

"Sindano kidogo. Baadaye nachoka, nalala, naamka."

Aliitikia kwa kichwa. Machozi yalikuwa yakimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta, kwa sababu ya kikombe. Mimi nilikuwa na mkono mmoja ulio huru, nikamfuta. Kisha nikakipokea kikombe. Kilikuwa kizito, na kwa mazoea nikakiinamisha nione kimefika wapi, nihesabu nitabakiwa na nini hadi jioni.

"Hiki ni kiasi gani?" nikamuuliza.

"Kunywa," dada yangu akasema. "Hiki sikupima."

Maji yalikuwa na ladha ya bati na ya baridi ya asubuhi. Nikanywa hadi nikaona chini ya kikombe.